Listi Inayokawia Ni Hatari

Ndugu watumikaji, na ninyi mama munaotungoja nyumbani,

Kila mutu anayeshuka chini ya ardhi anapita kwanza kwenye nyumba ya taa. Anatwaa taa yake, anatwaa kifaa cha kupumulia wakati wa moshi, na anaacha alama ya kwamba ameshuka. Zamani alama hiyo ilikuwa kibati kidogo chenye namba, kilichotundikwa juu ya ubao. Migodi mingi ingali na ubao huo hata leo, na ni vizuri. Lakini mahali pengi sasa mutumikaji anapitisha karti yake mbele ya mutambo mudogo, na kompyuta (ordinateri, kama wengi wanavyosema kwetu) inaandika palepale: namba hii ya kazi, saa hii, ameshuka. Wakati wa kupanda anapitisha karti tena, na kompyuta inaandika: ametoka.

Ubao wa vibati ulikuwa na sifa moja kubwa. Ulijibu bila kukawia. Shefu aliutupia macho tu, na alijua ni nani angali chini. Kompyuta inajua mambo mengi kuliko ubao: jina, sehemu ya kazi, ngazi ya mugodi, saa ya kushuka. Lakini kuna siku unaiuliza na inanyamaza. Kwenye kioo kuna alama ndogo inayozunguka. Dakika moja inapita. Mbili. Tano. Karani anakunja mikono na kungoja.

Siku ya kawaida jambo hilo linaudhi tu. Lakini fikiri siku ya moshi. Waya wa umeme umeshika moto kwenye ngazi ya chini, ao mashini ya mazuti imeungua ndani ya njia. Watu wa musaada wamevaa vifaa vyao, wako tayari kuingia. Wanauliza neno moja tu: ni nani angali chini, na yuko sehemu gani?

– Shefu, listi haijatoka.

– Tangu wakati gani?

– Sasa ni dakika sita.

Dakika sita ndani ya moshi ni nyingi. Ndiyo maana ukurasa wetu wa usalama na afya unasema leo juu ya ugonjwa wa mashini, ugonjwa wa kukawia. Una sababu zake, una vipimo vyake, na una dawa.

KWA NINI LISTI INAOKOA WATU

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali inahitaji daftari, mutu anaihitaji zaidi.

Tarehe 10 Machi 1906, kule Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, vumbi la makaa liliwaka chini ya mugodi. Watu 1,099 walikufa. Baada ya siku chache, wakubwa wa kazi ya kuokoa waliona kwamba hakuna tena mutu muzima chini, na kazi ya kutafuta watu wazima ikaachwa. Lakini tarehe 30 Machi, siku 20 baada ya moto, watu 13 walitokea wenyewe, wakiwa wamepapasa njia katika giza. Na tarehe 4 Aprili akapatikana mwingine mumoja. Walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kati ya wafu.

Sasa tazama mufano mwingine. Tarehe 5 Agosti 2010, huko Chile, jiwe lilianguka na kufunga njia ya mugodi wa San José, mugodi wa shaba na zahabu. Hesabu ya waliobaki ndani ilijulikana: watu 33. Walitafutwa kwa kutoboa mashimo membamba, na tarehe 22 Agosti karatasi iliyofungwa kwenye chuma cha kutobolea ilipanda na habari kwamba wote 33 ni wazima. Tarehe 13 Oktoba wote walikuwa juu.

Hatusemi kwamba listi peke yake iliwaokoa. Waliokolewa na akili, mashini na uvumilivu. Lakini anayetafuta watu lazima ajue anatafuta wangapi, na wakati gani aseme: sasa tumewamaliza wote.

MAGAZINI NA MULINZI WAKE

Tuelewe kwanza mashini inafanya nini. Ndani ya kompyuta kubwa ya kampuni kuna hifadhidata. Ni kama magazini, lakini badala ya misumari na mafuta imejaa habari. Habari zimepangwa katika majedwali, yaani mistari na safu, kama daftari la karani. Mwingereza Edgar Codd, aliyetumika katika kampuni ya IBM, ndiye aliyeeleza namna hiyo ya kupanga habari katika mwaka wa 1970, na tungali tunaitumia.

Ukitaka kitu katika magazini, hauingii mwenyewe kupekua. Unatoa bono kwenye dirisha, na mulinzi wa magazini anakuletea. Katika hifadhidata, bono hiyo inaitwa ulizo. Kuna maulizo yanayorudi kila siku: "nipe majina ya walio chini", "nipe wale ambao mwezi huu lazima wapigwe picha ya mapafu", "nipe dawa zinazokaribia kwisha katika dispansere". Badala ya kuyaandika upya kila mara, fundi anayaandika mara moja, anayapa jina, na kuyaweka ndani ya hifadhidata yenyewe. Hiyo ndiyo amri iliyohifadhiwa. Ni kama maagizo ya kazi yaliyobandikwa ukutani: karani anataja jina la amri na kutia namba ya ngazi ao tarehe, mulinzi anajua la kufanya.

Jambo hilo ni zuri. Kila mutu anauliza kwa namna moja, na hakuna anayebuni njia yake. Lakini kama maagizo ya ukutani yameandikwa vibaya, basi watu wote wanafuata ubaya uleule. Na kama yaliandikwa wakati magazini ilikuwa ndogo, na leo ni kubwa mara mia, mulinzi atatembea siku nzima.

PIMA KWANZA, HALAFU TOA DAWA

Munganga muzuri hatoi dawa ya malaria kwa kila mutu mwenye homa. Anapima damu kwanza. Fundi wa kompyuta naye afanye hivyo. Wengi wanapoona kompyuta inakawia wanasema palepale: "Mashini imezeeka, tununue ingine." Wananunua, franga zinatoka, na baada ya miezi mitatu ugonjwa unarudi, maana haukuwa wa mashini.

Kipimo cha kwanza ni saa. Amri ilianza saa ngapi, ikajibu saa ngapi? Iliitwa na nani, kwa tarehe gani, kwa ngazi gani? Kisha fundi aende kwenye kompyuta kubwa yenyewe na kuita amri ileile pale. Kama pale inajibu mara moja, na kwenye nyumba ya taa inakawia, ugonjwa uko katika waya ao katika kompyuta ya karani. Kama pale pia inakawia, ugonjwa uko ndani ya hifadhidata.

Kipimo cha pili ni mupango wa kazi. Kabla ya kujibu, hifadhidata inajipangia njia: nitaanzia jedwali gani, nitapita wapi, nitaunganisha namna gani. Fundi anaweza kuomba aonyeshwe njia hiyo. Katika PostgreSQL, MySQL na Oracle anatumia neno EXPLAIN. SQL Server ya Microsoft inauchora mupango kama picha. Mupango huo ni kama picha ya mapafu: unaonyesha ni wapi panaziba.

MAGONJWA SITA NA DAWA ZAKE

1. Hakuna indeksi.

Tufanye hesabu. Tuseme mugodi una watu 2,000 wanaoshuka kila siku. Kila mutu anaandika mustari mumoja akishuka na mumoja akipanda. Ni mistari 4,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni mistari 1,200,000. Kwa miaka 10 ni mistari 12,000,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kama hakuna indeksi, kila mara unapouliza "nani yuko chini?", mulinzi anasoma mistari yote 12,000,000, tangu siku ya kwanza, pamoja na ya wale waliokwisha kupata pensheni. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona shida. Mwaka wa kumi listi inalala.

Indeksi ni sawa na fishi za dispansere zilizopangwa kwa namba. Mugonjwa akitaja namba yake, muuguzi anavuta sanduku moja na fishi iko mukononi. Indeksi nyingi za kompyuta zinapangwa kama muti wenye matawi. Rudolf Bayer na Edward McCreight walieleza muti huo katika maandishi yao ya mwaka wa 1972. Kama kila ukurasa wa muti unaonyesha njia 300, basi kurasa tatu zinatosha kwa mistari 27,000,000, maana 300 mara 300 mara 300 ni hesabu hiyo. Badala ya kusoma daftari zima, mulinzi anafungua kurasa tatu ao nne.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, mupangilio wa indeksi ufuate ulizo. Fishi zilizopangwa kwa jina la ukoo hazimusaidii anayejua jina la ubatizo tu. Pili, usitie indeksi kila mahali. Kila mara mutu anapopitisha karti, kompyuta inaandika katika jedwali na katika kila indeksi. Zikizidi, mulango wa kuingilia ndio utakaokawia.

2. Ulizo linaloficha indeksi.

Indeksi ya tarehe ipo, na amri bado inakawia. Kwa nini? Kwa sababu ulizo limeandikwa hivi: "Chukua tarehe ya kila mustari, toa mwaka ndani yake, halafu angalia kama ni 2024." Mulinzi analazimishwa kufanya hesabu kwa kila mustari, na indeksi haimusaidii tena. Andika badala yake: "Nipe tangu tarehe 1 Januari 2024, kabla ya tarehe 1 Januari 2025." Jibu ni lilelile, lakini sasa anakwenda mahali pake palepale.

Ndugu ya ugonjwa huo ni namba ya kazi iliyowekwa katika jedwali kama herufi, na kuulizwa kama hesabu. Kompyuta inaweza kulazimika kugeuza mistari yote kabla ya kulinganisha. Fundi aulize kwa aina ileile iliyowekwa.

3. Kuomba zaidi ya haja.

Watu wa musaada wanataka jina, namba, ngazi na saa. Lakini amri nyingi zimeandikwa: "Nipe vyote." Basi inakuja pia picha ya uso, anwani, majina ya watoto, tarehe ya buti za mwisho. Vitu hivyo vyote vinapita katika waya ule mwembamba mupaka kwenye nyumba ya taa. Mutu anayetumwa kuleta nyundo asilete magazini nzima juu ya kichwa.

4. Kwenda mara mia kwa kitu kimoja kimoja.

Kuna amri zinazochukua mutumikaji wa kwanza, zinatafuta ngazi yake, zinaandika. Halafu wa pili, zinatafuta, zinaandika. Mupaka wa elfu mbili. Ni kama kwenda magazini mara 400 kutafuta parafujo 400. Hifadhidata imetengenezwa ili kufanya kazi kwa mafungu. Iambie mara moja: "Unganisha jedwali la walioshuka na jedwali la watumikaji, nipe wote pamoja." Kila mara inapowezekana, ondoa kazi ya moja moja.

5. Mupango uliokaririwa na makadirio ya zamani.

Ugonjwa huu unawasumbua hata mafundi hodari. Tuseme asubuhi karani wa sehemu ndogo yenye watu 12 anaita amri. Hifadhidata inajipangia njia ya watu 12, na inauweka mupango huo akilini ili isiufikirie tena. SQL Server inafanya hivyo kwa amri zilizohifadhiwa. Saa nne, shefu anaita amri ileile kwa mugodi muzima, watu 2,000. Mashini inatumia njia ileile ya watu 12. Ni kama kusafirisha zamu nzima kwa kinga moja.

Unautambua ugonjwa huu kwa alama hii: fundi anaandika ulizo kwa mukono wake, na jibu linatoka kwa sekunde moja, lakini amri iliyohifadhiwa, yenye maneno yaleyale, inachukua dakika tano. Na siku ingine inapona yenyewe, bila dawa, halafu inarudi. Dawa ni mbili. Ao fundi anaiambia hifadhidata ipange upya kila mara, kwa neno RECOMPILE; kwa amri inayoitwa mara chache hilo si hasara. Ao anatenga amri mbili, moja ya sehemu ndogo, moja ya mugodi muzima.

Karibu na ugonjwa huo kuna makadirio yaliyozeeka. Ili kuchagua njia, hifadhidata inakadiria mistari itakuwa mingapi. Patricia Selinger na wenzake wa IBM walieleza namna hiyo ya kuchagua kwa makadirio katika mwaka wa 1979, na hifadhidata nyingi za leo zinafuata nyayo zao. Lakini kama hesabu za makadirio ni za mwaka jana, wakati mugodi ulikuwa na ngazi tatu, na leo una tano, njia itachaguliwa vibaya. Fundi azifanye upya hesabu hizo kwa utaratibu, na hasa baada ya kuingiza habari nyingi mara moja.

6. Mustari mbele ya dirisha.

Mara zingine amri haina ugonjwa wowote. Inangoja tu. Mwisho wa mwezi, biro ya mushahara inaandika upya maelfu ya mistari, na wakati inaandika inafunga mulango kwa kufuli ili wengine wasisome nusu ya kazi. Amri ya nyumba ya taa inafika na kukuta kufuli. Dawa: kazi kubwa zigawanywe katika vipande vifupi, zifanywe saa ambazo zamu hazibadilishani, na hesabu ndefu za biro zisomwe katika nakala ya hifadhidata, si katika ile inayoandika watu wanaoshuka.

DAWA MOJA AMBAYO NI SUMU

Hapa tunaomba mafundi na mashefu wasome polepole.

Kuna njia ya kupita kufuli bila kungoja. Katika SQL Server inaitwa NOLOCK. Ukiitia katika amri, listi inatoka haraka, na kila mutu anafurahi. Lakini mulinzi anasoma daftari wakati mwingine angali anaandika ndani yake. Anaweza kuruka jina. Anaweza kulisoma mara mbili. Anaweza kusoma neno ambalo baadaye linafutwa.

Kwa hesabu ya parafujo, kosa hilo labda linavumilika. Kwa listi ya watu walio chini ya ardhi, hapana! Jina lililorukwa ni baba wa watoto ambaye hakuna anayemutafuta. Jina lililoandikwa bure ni watu wa musaada wanaorudi ndani ya moshi kutafuta mutu ambaye amekaa nyumbani na kunywa chai. Haraka haraka haina baraka. Afadhali listi iliyo kamili baada ya sekunde kumi kuliko listi ya uongo baada ya sekunde moja.

Njia njema iko. Hifadhidata kama PostgreSQL na Oracle zinamuonyesha anayesoma picha kamili ya mambo yalivyokuwa wakati alipouliza, bila kungoja anayeandika. SQL Server pia inaweza kutengenezwa hivyo. Fundi achague njia hiyo.

Na kuna njia iliyo rahisi kuliko zote: jedwali dogo la walio chini sasa. Mutu akishuka, mustari wake unaingia. Akipanda, mustari wake unaondoka, na historia yake inaandikwa katika jedwali lile kubwa kwa tendo moja lisilogawanyika. Kwa hiyo amri ya kutoa listi inasoma mistari mia chache tu, leo na hata baada ya miaka ishirini. Ni ubao wa vibati uleule wa wazee, ndani ya kompyuta.

ZIMA UMEME KABLA YA KUTIA MUKONO

Hakuna fundi wa mitambo anayetia mukono ndani ya mashini inayozunguka. Anazima umeme, anatia kadena yake, anaweka ufunguo mufukoni. Amri iliyohifadhiwa nayo ni mashini. Usiibadilishe katika hifadhidata inayotumika wakati watu wako chini. Jaribu katika nakala kwanza.

Nakala hiyo iwe na habari nyingi sawa na ile ya kweli. Amri iliyojaribiwa kwa mistari 100 haijajaribiwa. Badilisha jambo moja tu kwa mara moja, pima, andika. Ukibadilisha matano pamoja, hautajua ni dawa gani iliyoponya na ni gani iliyodhuru. Weka akiba ya amri ya zamani, ili ukishindwa urudi nyuma kwa dakika moja.

Halafu kipimo cha mwisho, kilicho kikubwa kuliko saa: majina ni sawasawa? Linganisha listi mpya na listi ya zamani. Linganisha na ubao. Siku ya mazoezi ya kutoka mugodini, linganisha na vichwa vya watu waliosimama mahali pa kukutanikia. Hesabu zote ziwe moja.

SI KAZI YA NYUMBA YA TAA TU

Ugonjwa huuhuu unapatikana katika dispansere. Mavumbi ya mawe hayaui kwa siku moja. Yanaingia katika mapafu mwaka kwa mwaka, na silikosi haina dawa ya kuiondoa. Kinga yetu ni maji juu ya vumbi, hewa safi, kinyago, na picha ya mapafu kwa wakati wake. Kifua kikuu kinapenda mapafu yaliyokwisha kuchoka, na hicho kinaponyeshwa kikijulikana mapema.

Tuseme kila mwezi munganga anaomba listi ya wale ambao zamu yao ya picha imefika. Kama listi inachukua nusu saa na inakatika njiani, muuguzi atafanya nini? Ana wagonjwa arobaini wanaongoja mulangoni, mama na watoto wenye homa. Atasema: "Nitajaribu kesho." Kesho inakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi. Na kuna mutumikaji mumoja, mutoboa mawe tangu miaka kumi na tano, ambaye jina lake halikutoka na ambaye anakohoa usiku. Bibi yake anasikia kikohozi hicho. Kompyuta haikisikii.

Kwa hiyo, mama, bwana akisema, "Sijaitwa kwa picha, labda bado", na wewe unajua mwaka umepita, usinyamaze. Mwambie aende kuuliza kwenye dispansere.

KAZI YA KILA MUMOJA WETU

Si kila mutu ni fundi wa hifadhidata. Lakini kila mutu ana sehemu yake.

Karani na muuguzi: kompyuta ikikawia, usibonyeze mara kumi. Mara nyingi kila kubonyeza kunatuma ulizo jipya, na lile la kwanza lingali linafanya kazi ndani. Sasa mulinzi mumoja ana bono kumi za kitu kimoja. Bonyeza mara moja, tazama saa. Andika katika daftari: tarehe, saa, umeomba nini, imechukua muda gani. Mistari mitano ya daftari hilo itamusaidia fundi kuliko kusema "inakawia, inakawia".

Shefu wa zamu: usizoee kukawia. Kuzoea ndiyo hatari kubwa. Wiki ya kwanza dakika moja inaudhi, mwezi wa pili dakika tatu ni "kawaida yake". Peleka habari mapema. Na mwanzo wa kila zamu, wakati watu wamekwisha kushuka, toa listi juu ya karatasi na uiweke mahali panapojulikana. Umeme unaweza kukatika, karatasi haikatiki. Usiruhusu ubao wa vibati uondolewe kwa sababu kompyuta imefika.

Fundi: nyumba ya taa na dispansere ziwe mbele ya kazi zako. Ripoti ya biro inaweza kungoja mupaka Jumatatu.

Na wewe, ndugu mutumikaji: pitisha karti yako mwenyewe, ukishuka na ukipanda. Usimupe rafiki akupitishie. Usiruke mutambo kwa sababu basi linaondoka. Kompyuta iliyo nyepesi kuliko zote, ikilishwa uongo, itatoa uongo kwa nusu sekunde.

Sasa fanyeni jambo moja wiki hii. Kila shefu wa zamu amuombe karani wa nyumba ya taa listi ya walio chini, wakati wowote, bila kumwonya mbele. Atazame saa. Ahesabu majina. Kama listi imetoka haraka na imekamilika, amushukuru karani na fundi. Kama imekawia, aandike, na asilale juu ya karatasi hiyo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Listi yenu itengenezwe leo, wakati hakuna moshi.